Mafuta ya Kukamulia Bwenini

Juzi niliingia agroveti moja hapa Voi kununua dawa ya kuku, harufu ya mafuta ya kukamulia ikanipiga puani, nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama. Ningemweleza nini? Mafuta hayo nusura yaniue kwa aibu nikiwa kidato cha kwanza.

Baba alichunga ng'ombe katika ranchi upande wa Ndara. Alipofariki tukahamia mjini, mama akawa anafulia watu nguo. Nilikuwa na ngozi kavu, miguu imepasuka, na watoto wa shule ya msingi wakanibandika jina la Kenge. Jina hilo liliniumiza kuliko njaa. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni, niliapa kwamba huko hakuna atakayelisikia.

Mama alinifungashia mafuta yale yale ambayo wafugaji hupaka chuchu za ng'ombe. Mkebe wake haukuenea sandukuni, basi akayashindilia kwenye kikopo alichopewa na mama mmoja aliyekuwa akimfulia: cheupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, maandishi ya Kifaransa.

Wiki ya kwanza tu, Saru, ambaye baba yake alikuwa na maduka Mwatate, akachovya kidole.

"Haki, vitu vya ng'ambo ni vya ng'ambo tu!" akasema, akijisugua mikono. "Ona vile nang'aa!"

Bweni zima likaja kuomba. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kutamu ajabu.

Siku ya wazazi kututembelea, kikopo kilikuwa kitupu, na mama nilimwambia hivyo alipofika. Mimi na mama tulikaa kwenye nyasi pamoja na Saru, tukala chapati za mama tukashiba. Kisha mama akatoa mkebe kwenye mfuko, picha ya ng'ombe ikitutazama.

"Leta kile kikopo nikujazie. Kwani ulikuwa unayala?"

Niliomba ardhi inimeze. Saru akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Mama, ndiyo haya?"

"Si ndiyo haya. Baba yake akimaliza ng'ombe, alikuwa anampaka huyu miguu."

Saru akavua soksi. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kuliko vyangu. "Basi nipake na mimi," akasema, na mama akampaka, huku mimi nikicheka na kulia kwa pamoja.

Sasa nasomea biashara chuoni. Mhadhiri alipotueleza kwamba aliyekulia kwenye dhiki huweza kulipa pesa nyingi kwa ajili ya nembo tu, ili asitazamwe tena kama zamani, wenzangu walibishana. Mimi nilimkumbuka mama. Siku ile nilidhani amenivua nguo mbele ya watu. Kumbe hakuwa na habari kwamba kulikuwa na kitu cha kufichwa. Nashukuru hakujua. Angejua, kwa jinsi alivyonipenda, angeuleta mkebe ule umefungwa ndani ya kanga, na mimi mpaka leo ningekuwa naficha.