Aproni ya Mzee wa Kanisa

Tulikuwa kituo cha kupimia majani chai pale Chepseon, tukingoja lori la kiwanda, mzee wetu wa kanisa alipokiri mbele ya wote kwamba yeye ni Frimasoni.

"Kwani huko mnafanyanga nini?" mama mmoja akamuuliza.

"Tunaomba, tunasaidia maskini, tunavaa aproni."

Mama akaangalia aproni yake mwenyewe ya plastiki ya kuchumia chai, imelowa umande. "Na mnachuma nini?"

"Hatuchumi kitu."

"Sasa aproni ni ya nini?"

"Hiyo nayo ni siri."

"Hapo ndipo umekosana na kanisa, mzee. Sisi siri za watu tunaziombea kwa sauti."

Nilicheka mpaka Jumapili, mchungaji alipomwombea "ndugu mmoja ambaye hatutamtaja jina." Kanisa zima lilifumbua macho, likamgeukia mzee. Nami pia, kabla ya amina.