Propela Iliyopasua Sakafu

Kinyozi alipofunga injini yenye nguvu zaidi kwenye gari lake kuukuu la spoti, dada yake, fundi makanika, alimwonya: "Kaka, hiyo propela inayozungusha magurudumu ya nyuma haitahimili. Tuiimarishe kwanza." Kinyozi akamcheka.

Barabarani alikanyaga mafuta hadi mwisho. Propela ikakatika kwa kishindo, ikapasua sakafu, ikararua kiti cha abiria na kumvunja kinyozi muundi. Gari likabingirika mtaroni, naye akatambaa nje akitema damu.

Hospitalini dada akamuuliza, "Tuliuze kama chuma chakavu?"

"Thubutu! Weka propela nene, ekseli ngumu, na pete ya chuma ya kuidaka propela ikikatika."

Dada akamzaba kofi, kisha akamkumbatia akilia. Kesho yake akaanza kuchomelea ile pete.