Maji ya Baraka kwa Baba Yangu Mlutheri

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mimi ni mzee wa kanisa la Kilutheri huku Mlola, na wakwe zangu ni Wakatoliki. Kila Novemba wanapokwenda makaburini kuwaombea marehemu wao, nawapa somo bila kuombwa: "Mtu akishakufa mambo yake yamekwisha. Mnamwombea nini?" Shemeji yangu hunitazama tu, akaniongezea chai.

Mwaka huu mke wangu alinikokota. Makaburi ni ya kijiji kizima, hivyo mama yangu naye alikuwepo, aking'oa majani kwenye kaburi la baba. Nikasimama pembeni nimekunja mikono, mtakatifu mtupu, padri akinyunyizia makaburi maji ya baraka. Ndipo nikamkumbuka baba vizuri: pombe yake, ngumi zake, na mpaka wa jirani aliokuwa akiusogeza kila msimu wa kulima. Jasho likanitoka.

Padri aliponifikia nikamsalimia Kikatoliki kabisa. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri," nikanong'ona. "Pale kwa mzee wangu nyunyizia kidogo, ila watu wasijue. Namfahamu yule, huko aliko hali si nzuri."

Kumbe kwenye kola yake kulikuwa na kipaza sauti, na spika iko juu ya pikapu. Wakanisikia wote, wazima kwa wafu.

Shemeji akaanza kukohoa. Mama akainuka, akajikung'uta udongo mikononi.

"Padri," akasema, "kidogo hakitamtosha. Mmwagie ndoo nzima."