Nta ya Mama Ndani ya Injini

Nikisikia harufu ya nta inayoyeyuka juu ya chuma cha moto, narudi uani kwetu Mikindani, nikiwa na miaka tisa, gari la baba limefunuliwa injini.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu tangu baba alinunue kwa meneja mmoja wa mkonge aliyerudi kwao. Juma lile tulipata habari kwamba bibi, mama yake mama, amevuka Ruvuma kukimbia vita. Alikuwa Mahurunga kwa ndugu, amevimba miguu, hawezi kutembea. Mama hakuwa amemwona tangu aolewe. Baba akaahidi kwenda kumchukua, ila kwanza abadilishe gasketi ya injini.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa nguvu na haraka. Spana aliiongezea kipande cha bomba ili akaze sawasawa. Tukasikia ta! Stadi, kile chuma chenye nyuzi kinachoshikilia kichwa cha injini, ikakatika, na kipande kikabaki ndani, kimechomoza ncha tu. Baba akaitazama spana kwa hasira, utadhani ndiyo iliyomkosea.

Asubuhi akaja Fundi Chande, mtu mpole asiyejua haraka. Alijaribu kukizungusha kile kipande, kikagoma.

"Tukikilazimisha, kaka, tutaua injini nzima," alisema. "Tukipashe moto, halafu tukipake nta iingie kwenye nyuzi. Hata mshumaa unatosha."

Mshumaa hatukuwa nao, na mwenye duka alikuwa amekwenda Mtwara kuchukua mali.

"Kesho atarudi," baba alisema. "Kesho si mbali."

Mama aliingia ndani akatoka na bonge la nta ya nyuki lililofungwa kwenye kipande cha kanga. Bibi alimpa siku alipoagwa kwenda kuolewa, awe anapaka uzi wa kushonea. Miaka yote mama alishona bila kuligusa, na mimi nilishachapwa kwa kulinusa tu.

Fundi alikipasha moto kile chuma, akakigusisha nta. Ikalia chwii, ikazama. Akarudia, akarudia tena, mpaka bonge likaisha. Kisha akakibana kipande kwa koleo, mbele kidogo, nyuma kidogo, kikazunguka. Baba alishangilia. Mimi nilinuna kabisa. Bonge zima, na kesho mshumaa ungepatikana!

Fundi alitupatia stadi nyingine kutoka kwenye vyuma vyake chakavu, na kabla jua halijazama tukafika Mahurunga. Bibi alipokalishwa kiti cha mbele, injini bado ya moto, alinusa, akanusa tena, akamuuliza mama kitu kwa Kimakonde.

"Nta yako, mama," alijibu mama. "Nimeimaliza."

Bibi akacheka, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Aliishi nasi siku kumi na moja, akafariki. Nimekuwa mtu mzima, nami nimemzika mama yangu, ndipo nikaelewa kwa nini siku ile hakutaka kungoja duka lifunguliwe. Mshumaa ungempa siku kumi.