Muuza Kahawa wa Njia ya Kawe

Mie sina kipaji cha kutunga. Ningekuwa nacho, ningetunga kitu cha kunipa sifa, si hiki ambacho wajukuu zangu wananichekea kila nikikisimulia. Kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, lakini jueni kwamba yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, jua bado linaonekana, na sikuwa peke yangu.

Zilikuwa siku za Mwingereza. Nilikuwa dereva wa teksi, na gari langu lilikuwa kuukuu kiasi kwamba kuna abiria waliokuwa wakilisomea dua kabla ya kupanda. Ugonjwa wake ulikuwa joto. Linatoka mjini vizuri, likikaribia Kinondoni mshale wa joto unaanza kupanda, mara mbele linafuka kama tanuri la mkate. Kila nikifungua boneti naikuta rejeta imelowa chapachapa. Nikaipeleka kwa fundi, akaiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Likachemka. Nikairudisha, akaiziba tena. Likachemka vilevile! Nikaishia kutembea na debe la maji kwenye buti, kila safari nalinywesha kama punda.

Alasiri moja nilikwenda Kawe kumjulia hali mama mkwe wangu, Bi Sikujua. Nisiwafiche, hakuwa akinipenda. Alitaka binti yake Mwanahawa aolewe na mwalimu, badala yake akaolewa na mtu anayenuka petroli. Nilikuwa nimekaa barazani nikingoja chai ambayo haikuwa na dalili ya kuja, ndipo niliposikia ukelele kutoka shambani. Bi Sikujua alikuwa akipalilia mihogo, na moma alikuwa amemuuma mguuni.

Moma mnamjua. Nyoka mnene, mvivu, lakini sumu yake haina mzaha. Majirani wakamfunga kitambaa, tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma. Jirani mmoja alitaka kupanda atusindikize, nikamkatalia. Niliogopa uzito. Nilijua injini yangu.

Basi nikakanyaga mafuta kuelekea hospitali ya mjini. Hatujafika hata Kijitonyama, mshale ukagonga mwisho, mvuke ukafunika kioo chote. Nikasimama. Kulia mkonge, kushoto mkonge, nyumba hakuna. Debe lilikuwa tupu, maji yote nilikuwa nimeyamaliza wakati wa kuja.

"Mbona tumesimama?" Bi Sikujua akauliza.

"Gari limechemka, mama."

"Basi nimekwisha mie," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha jikoni. Mguu wake ulikuwa umevimba ukang'aa. Nikamfungulia mlango apate hewa.

Kando ya barabara kulikuwa na shimo lenye maji ya mvua. Nikateka debe, nikarudi mbio, nikalinyanyua niimwagie injini.

"Usimwage hayo!"

Nikageuka. Alikuwa amesimama muuza kahawa. Kanzu ndefu inayoburura chini, dele la shaba lenye makaa chini yake, na vikombe vinalia mkononi. Sasa jiulizeni: muuza kahawa anamuuzia nani kahawa katikati ya mkonge? Mie sikujiuliza. Mtu mwenye mkwe anayekata roho kiti cha nyuma hana nafasi ya kujiuliza.

"Chuma cha moto ukikipa maji ya baridi kinapasuka," akasema. "Hapo hufiki leo wala kesho."

Akasogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilikuwa kinapiga mluzi! Akakizungusha polepole, mvuke ukatoka kwa nguvu ukamfunika mkono mpaka kiwiko. Nikafumba macho nikingoja ukelele wake. Haukuja. Nilipoyafumbua, wallahi, ule mkono haukuwa na hata jasho.

"Washa kidogo, kisha uinamie hapa chini."

Nikawasha, nikainama. Akanionyesha mpira wa chini, ule unaopeleka maji kwenye injini. Nyuma yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulale chini, ulikuwa umechanika. Tone linatoka, feni inalidaka, inalirusha juu ya rejeta.

"Rejeta yako nzima," akasema. "Inaloweshwa na mwenzake. Wewe unatibu pua, kidonda kiko kisiginoni."

Akaniuliza kama nina tyubu mbovu. Ilikuwapo chini ya kiti. Nilipozima injini akaichana kipande kwa vidole, bila kisu, akauzungushia ule mpira wa moto na kuufunga. Kisha akashika dele lake, akaanza kumimina maji ya moto kwenye rejeta. Dele lenyewe halikuzidi kichwa cha mtoto mchanga. Alimimina, akamimina, akamimina, mpaka rejeta ikajaa ikafurika! Halafu, niaminini, kwa dele hilohilo akajaza kikombe cha kahawa, akampelekea Bi Sikujua pale mlangoni.

Bi Sikujua akanywa. Akamtazama usoni, akatazama chini, akamtazama tena. "Ahsante, baba," akasema kwa adabu ambayo sijapata kuisikia kwake. "Mungu akulipe."

"Nenda," yule mtu akaniambia. "Kifuniko usikikaze, kiache kipumue."

Nikaondoa gari. Nilipotazama kwenye kioo ili nimpungie mkono, barabara ilikuwa tupu. Na mshale wa joto haukusogea tena mpaka tunafika hospitali.

Alipona. Alilala huko siku nyingi, mguu ukabaki na kovu, lakini alipona. Siku alipopata nguvu ya kuzungumza aliwatoa watu wote, nikabaki mimi.

"Ulimtazama miguu yule?"

"Hapana, mama."

"Mie nilikuwa nimelala, nikaona alipoinua pindo la kanzu asilikanyage. Kwato, mwanangu. Kama za ng'ombe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekimbia, ukaniacha palepale."

Alisema kweli. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Nilirudi kule nikatazame. Pale tuliposimama tope la mvua lilikuwa limekauka, na alama zilikuwapo. Za kwato, lakini mbilimbili, kama za mtu anayetembea. Zilitoka mkongeni, zikazunguka mbele ya gari, zikaja mpaka mlango wa nyuma ulipokuwa. Hapo zikaishia. Za kurudi hazikuwapo.

Fundi wangu alipotaka kukata kile kipande cha tyubu aweke mpira mpya, kisu hakikuingia. Kipande kilikuwa kimeshikana na mpira kama ngozi na nyama. Tukakiacha. Gari lile halikuvuja tena mpaka nililiuza.

Na Bi Sikujua aliishi miaka mingi. Alinilelea watoto wangu, akanigombania kwa watu kama mtoto wake wa kumzaa. Kila akipika kahawa, kikombe cha kwanza alikiweka nje ya mlango, na baadaye kikakutwa kitupu. Watoto walisema ni paka. Mie sijapata kuona paka anayekunywa kahawa. Mimi namshukuru yule mtu mpaka leo, na sioni haya kumwita mtu.

Basi nawaonya nyie wenye magari makuukuu. Kifuniko cha moto msikiguse, na injini inayochemka msiimwagie maji ya baridi. Na jua likielekea kuzama, akikutokea mtu wa kukusaidia mahali pasipo na nyumba, mtazame usoni, pokea kwa mikono miwili, useme ahsante. Miguu yake mwachie mwenyewe.