Aliyezikwa kwa Tunda la Yago

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mtu aliyenisimulia jambo la namna hii kule Busia, tumekaa juu ya magunia ya mahindi tukingoja lori. Sasa ni zamu yangu. Ila usiniambie ilikuwa usiku, wala usiniambie nilikuwa nimelewa. Mwanga ulikuwapo bado, na tumboni nilikuwa na ugali, samaki na chai ya rangi. Niliyaona haya kwa macho yangu kando ya mfereji wa Nyalenda, hapa Kisumu, katika mvua ndefu za juzi juzi tu.

Kwanza uujue mfereji wenyewe. Wazee walituambia zamani ulikuwa kijito, kikipinda huku na huku kama mlevi anayerudi nyumbani, mpaka kinafika ziwani. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Nandi, kijito kilifura na kuingia katika nyumba za watu. Ndipo wafanyakazi wa baraza la mji wakaja na sururu wakakinyoosha. Lakini maji hayakupenda kunyooshwa. Zamani yalikuja yakitembea, na tangu hapo yakawa yanakuja yakikimbia.

Sisi tulizaliwa baada ya hapo. Upande mmoja wa mfereji kulikuwa na vyumba vya kupanga, udongo na mabati, na upande wa pili bustani za sukuma wiki na nduma. Tulivuka kwa nguzo mbili za stima zilizolazwa juu ya maji, na hakuna aliyejua zilitoka wapi. Kiangazi, maji yakipungua, tulichimba matope kwa vipande vya chuma tukitafuta kamongo, yule samaki anayelala ardhini akingoja mvua. Jioni mtaa mzima ulinukia mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama. Aliyekaanga vizuri kuliko wote alikuwa Mama Okumu, na mwanawe Okumu ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Aliniita Debe, kwa sababu nilipiga kelele nyingi na kichwani, alisema, hamna kitu.

Okumu alichukuliwa na mfereji. Siku hiyo mimi nilikuwa kitandani na malaria. Yeye alikuwa anatoka shule, amevua viatu na kuvishika mkononi ili asiteleze kwenye nguzo. Wanawake wa bustanini walimwona akifika katikati. Kisha maji ya kutoka milimani yakaja mara moja, na nguzo zote mbili zikaondoka naye. Walimtafuta mpaka kwenye matete ya mdomo wa mfereji, na wavuvi wa Dunga wakakokota nyavu zao mahali pale. Hawakupata hata shati.

Sasa sikiliza desturi ya kwetu, kwa sababu hapa ndipo jambo lilipoanzia. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, Wajaluo hawaachi boma bila kaburi. Huchukua tunda la mwegea, ambalo sisi tunaliita yago. Ni tunda refu, zito, la kijivu, lenye ngozi ngumu. Hulifunga kwa shuka, wakalilaza ndani ya jeneza, wakaliita kwa jina la marehemu na kulizika kama mtu. Ndivyo walivyomfanyia Okumu nyumbani kwa baba yake, Asembo. Nilikuwapo, nimevaa kaptura ya shule.

Pale kaburini alisimama baba mkubwa wa Okumu, mtu wa maneno matamu ambaye mjini hakufika. Akasema mtoto huyu alikuwa mtiifu, kwamba mama yake alimtuma maji, akachukua mtungi akaenda bila kunung'unika, akafa akimtekea mama yake maji. Watu wakalia sana. Mama Okumu akainuka.

"Mwanangu hakutumwa maji," alisema. "Alikuwa anatoka shule."

Wakamshika mabega wakamkalisha, wakasema ni uchungu. Nami nikaambiwa nisimame niseme neno. Nikasema, "Nilikuwa rafiki yake. Tulivua kamongo pamoja." Basi, nikakaa. Ilipofika zamu ya kutupa mchanga, wote walitupa isipokuwa yule mama. Alificha mikono kwapani.

"Mimi sikuzaa tunda," akasema.

Baada ya matanga alirudi Nyalenda, kwenye chumba kile kile kando ya mfereji, na hakuhama tena. Mwili haukuonekana, kwa hiyo siku moja mwanawe angerudi, na akirudi angeujua mlango. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yake miaka yote. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzunguka: Mbita, Naivasha, Malaba, nikifanya kazi hii na ile. Mtaa ule niliubeba kichwani kama mtu anayebeba picha ya mchumba aliyeolewa na mwingine.

Ndipo Atieno, dada mdogo wa Okumu, aliyeolewa Mamboleo, akanipigia simu. Mfereji ungepanuliwa na nyumba za ukingoni zingebomolewa. Mlango wa mama yake ulikuwa umeshapakwa X nyekundu, na mvua zilikuwa zimeanza.

"Omera, ndugu yangu, njoo unisaidie," akasema. "Mimi hanisikii. Wewe labda."

Nilimkuta Mama Okumu amekaa kwenye kigoda, mwembamba, macho yamepata ukungu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Aa, huyu. Mama yako alikulisha miguu ya kuku, ndiyo maana hutulii mahali. Umeoa?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo, na mvi zimeshaota. Keti ule."

"Mama, huyu hakuja kula," Atieno akasema. "Amekuja kukuambia tuondoke."

"Basi ale kwanza. Mtu mwenye njaa huwa anasema mambo mabaya."

Nilikula, halafu nikasema yote niliyotumwa kusema. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Nikiondoka, mtoto akija atamuuliza nani? Atauliza tingatinga?" Nikatoka nje kupunga upepo.

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Nandi, na jua lilikuwa linateremka upande wa ziwani, mwanga wa manjano. Nilifuata ukingo mpaka pale zilipokuwa nguzo za stima. Siku hizi pana daraja la saruji. Mtu alisimama juu yake, wa umri wangu, ndevu zina mvi, amebeba mtungi wa maji wa plastiki. Nilidhani ni mwuza maji. Tukasalimiana.

"Rafiki," akasema, "nionyeshe mlango wa Mama Okumu."

"Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wake. Alinituma maji."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni mwendawazimu wa mtaani aliyesikia habari. Lakini akaendelea kwa sauti ya taratibu, kama mtoto anayesoma shairi la kukariri.

"Mimi nilikuwa mtiifu. Nilichukua mtungi nikaenda bila kunung'unika. Wewe nakujua. Ulikuwa rafiki. Tulivua kamongo pamoja."

Nikaacha kucheka. Yalikuwa maneno yangu ya kaburini, yale yale, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyakumbuka. Nikamtazama vizuri. Uso ulikuwa wa Okumu, niamini, ule ambao angekuwa nao leo, na pua ya mama yake. Lakini mkono ulioshika mtungi ulikuwa na ngozi ya kijivu, ngumu, yenye madoa, isiyo na mkunjo hata mmoja kwenye vidole.

"Kama wewe ni Okumu," nikamwambia, "ulikuwa unaniita nani?"

Akafikiri. Alifikiri kwa bidii, nikamwonea huruma.

"Rafiki," akasema.

"Na viatu vyako viko wapi?"

"Viatu gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu hakutoka kwenye maji. Huyu ndiye waliyemzika. Walimpa jina, wakampa shuka na jeneza, wakamsimulia maisha yake kwa sauti kubwa, naye akayashika yote kama yalivyosemwa. Zaidi ya hayo hakuwa na kitu. Kosa la baba mkubwa ndilo lililokuwa utoto wake wote.

"Unataka nini kwa mama?" nikauliza.

"Wote walinitupia mchanga. Yeye hakunitupia," akasema. "Kwa hiyo silali. Anitupie mchanga, au anifungulie mlango. Nimepita hapa mvua nyingi nikiita. Milango yote inafanana. Nionyeshe tu, hata kwa kidole."

Sikumwonyesha. Nilikimbia. Na nani mwenye akili angebaki pale? Nilikimbia moja kwa moja mpaka kwa Mama Okumu, nikaingia na kufunga komeo, na komeo lilipogonga ndipo nilipotambua nimemwonyesha mlango vizuri kuliko kidole.

Mvua ilianza wakati huo huo. Atieno aliniuliza nimefukuzwa na mbwa gani. Mama yake hakuuliza hivyo.

"Umemwona," akasema. "Amebeba nini?"

"Mtungi wa maji."

"Basi si wangu. Nimemsikia huyo mvua zote, anaita pale ukingoni, 'Mama, nimeleta maji.' Sikumjibu hata siku moja. Wangu sikumtuma maji."

Halafu akauliza kwa sauti nyingine. "Ni mtoto?"

"Hapana, mama. Ni mtu mzima. Ana mvi."

"Amezeeka?"

"Kama mimi."

"Miaka yote hiyo na mtungi mkononi." Akajifuta uso kwa kanga. "Na hakuna aliyemwonyesha pa kuuweka."

Mlango ukagongwa. Si kwa nguvu. Tulisikia sote, hata Atieno, mpaka leo hakani hilo. "Mama, nimeleta maji."

Nilisimama mlangoni nikamzuia mama. Nilimwambia kile kitu si Okumu, akikifungulia atakuwa amesema ni Okumu, na yule wa kweli atakuwa amezikwa kweli. Nililia, sioni aibu kusema. Alinisogeza kando kwa kiganja, kama unavyosogeza pazia.

"Wewe una miguu ya kutembea," akaniambia. "Mimi nimechoka kungoja peke yangu."

Akafungua. Atieno anasema aliona mvua, na mtungi umesimama kizingitini, maji yamejaa mpaka shingoni. Mimi nilimwona yule mtu akiinama ili asigonge kichwa. Mama akasema, "Ingia. Weka hapo." Akaweka pale pale alipoonyeshwa.

Asubuhi Mama Okumu alikuwa amefunga vitu vyake mwenyewe. Hatukumbembeleza tena. Alikwenda Asembo ameupakata ule mtungi kama mtoto, na juma hilo tingatinga likapita.

Nawe utasema, si heri? Atieno alisema hivyo. Mama alinenepa, akaanza kuimba akipepeta omena, wale dagaa wa ziwani. Mtungi wake ulikuwa umejaa kila alfajiri, na bomba liko mbali, na katika boma lile hakuna kijana. Hakuna aliyeuliza. Kaburi la yago limedidimia kidogo katikati, nililiona kwa macho yangu.

Lakini nilipokwenda kumsalimia, alinishika mkono akaniambia, "Okumu alikuwa mtiifu sana. Nilimtuma maji akaenda bila kunung'unika."

"Mama," nikasema, "alikuwa anatoka shule."

"Shule gani?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Nikamtajia shule, nikamtajia viatu, nguzo, wanawake wa bustanini. Alinitazama kwa upole kama unavyomtazama mgeni aliyekosea boma. Nikamgeukia Atieno. Wakati ule alikuwa mdogo, na alichokijua alikijua kwa mama yake. Akasema, "Si alitumwa maji? Mimi nakumbuka maji."

Basi nimebaki mimi. Wanawake wa bustanini wamekufa, majirani wametawanyika na mabati yao, na mahali pa mlango ule sasa panapita maji. Nami nina hofu moja inayonizuia kulala vizuri katika mji wowote: kuna siku ninamwona Okumu kwenye zile nguzo, naona mkono wake, na inanichukua muda kukumbuka ulishika nini.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayekaa kwenye matanga ya watu. Mtu akisimama kaburini akamsifu marehemu kwa jambo ambalo halikuwa, hata kama ni zuri, hata kama watu wanalia, inuka umrekebishe. Wakikushika mabega, sema ukiwa umeshikwa. Yule aliyelazwa pale anasikiliza, na hana maisha mengine ila hayo mnayompa.

Na ukimsimulia mtu kisa hiki, usikiongeze utamu. Okumu alikuwa anatoka shule, na viatu vilikuwa mkononi.