Kuyumba Bila Kuonja Pombe

Mimi pombe sijawahi kuitia mdomoni, hata siku ya harusi yangu mwenyewe. Bado nikaitwa mlevi, tena na wazee wa kanisa wenye akili zao timamu. Sasa hivi nacheka. Siku zile nilitamani kumrushia mtu jembe.

Yalianza baada ya kumzika mume wangu. Nililala nikatazama ukuta. Chakula kililetwa na kurudishwa vilevile, ng'ombe analia zizini, mimi siinuki. Binti yangu, aliyekuwa amekwisha kuchumbiwa, akanikokota kutoka kijijini kwetu Endabash hadi kwa daktari Karatu mjini. Nikapewa vidonge vya kutibu huzuni ile. Baada ya wiki kadhaa nikajikuta nasonga ugali huku namtukana kuku aliyeingia jikoni. Binti yangu akasikia yale matusi, akalia kwa furaha.

Ila nikawa nayumba. Nikisimama, naona kama ardhi inasogea. Nikarudi kwa daktari. Akanieleza kwamba vidonge vinaongeza nguvu ya serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari, na kwamba haihusiki na huzuni peke yake. Inafika hadi huko nyuma kisogoni, kwenye seli zinazotusaidia kusimama wima na kutembea bila kupepesuka.

"Seli zako bado zinaizoea, mama," alisema. "Vumilia, na usiache dawa ghafla."

Mimi nikavumilia, kanisa likashindwa. Jumapili ya mavuno nilibeba boga kwenda nalo madhabahuni, nikayumba, likanitoka, likabingirika hadi miguuni pa mchungaji. Katikati ya wiki wazee watatu wakaja nyumbani. Harusi ya binti yangu ilikuwa Jumamosi, na kwetu mama aliyetengwa kwa ulevi hamsindikizi mwanawe madhabahuni.

"Mama, hebu tembea juu ya tuta lile," mwenyekiti wao alisema, akinyoosha kidole kwenye maharage yangu. "Asiyelewa atafika mwisho."

Jamani! Mtu mzima nipandishwe tuta kama mbuzi! Nikapanda, nikafika katikati, nikaangukia maharage. Mwenyekiti akapanda na viatu vyake vya kanisani kunionyesha inavyotakiwa, akaangukia upande wa pili. Yeye wakasema ni utelezi.

Nikawaeleza habari za serotonini. Wakatazamana, kisha wakamwita mtaalamu wao, mlevi mkongwe wa kijiji, rafiki wa marehemu. Akanizunguka, akaninusa, akavua kofia.

"Wazee, nimekunywa maisha yangu yote, sijawahi kufika hapa," akasema. "Anayumba hivi, na hanuki! Shemeji, unainunua wapi?"

Loo, ushahidi ukawa huo. Wakaniambia kama Jumamosi nitafika kanisani bado nayumba, nitakaa benchi la nyuma kabisa.

Asubuhi ya harusi nikafunga kidonge kwenye pindo la kanga badala ya kukimeza. Potelea mbali, nilijiambia, leo nitasimama wima. Binti yangu alikuwa anavalishwa shela. Akaniona. Akaja na gauni lake lote, akafungua pindo, akaniwekea kidonge kiganjani.

"Meza, mama."

"Watanipeleka nyuma, mwanangu."

"Basi nitaolewa hukohuko nyuma. Huyu anayeyumba namtaka. Yule wa ukutani simtaki tena."

Nikameza huku machozi yananitoka.

Mlangoni nikayumba, wazee wakanionyesha benchi langu. Bibi harusi akaingia kwa vigelegele, akafika nilipo, akasimama, hasogei. Kwaya ikarudia wimbo mpaka sauti zikakauka. Mchungaji akaita kwa mkono, akakohoa, mwisho akateremka na kitabu chake, bwana harusi nyuma yake, na watu wote wakaanza kugeuza mabenchi. Mwenyekiti naye akageuza la kwake.

Mchungaji alipotuambia tusimame, nikayumba. Binti yangu akamwachia bwana harusi maua, akanishika mkono.